Msumari Hayupo

Kwanza kengele: ringi ya gurudumu la lori
iliyoning'inizwa nje ya ofisi,
na Lihanda wa darasa la sita akiipiga kwa nondo
kana kwamba ana kesi nayo.
Shitandi aliingia chini ya dawati.
Wiki ya kwanza nilimtoa kwa mkono.
Ya pili, kwa sauti.
Ya tatu sitaisema hapa. Mama yake anaijua;
nilimwomba radhi sokoni Khayega,
mbele ya mafungu yake ya ndizi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka kumi na saba
upatanisho ndio unga wangu:
mtoto analia, mti unaanguka, kisu kinakata.
Nikamwuliza, "Jina lako nani?"
Akajibu, "Jina lako nani?"
kwa sauti yangu mwenyewe, mafua yangu yakiwemo.
Watoto sitini na watatu wakacheka.
Yeye alikuwa anaangalia paa.

"Niangalie ninapozungumza nawe."
Nilisema hivyo muhula mzima,
hadi Mmbone, mwenzake wa dawati,
akaniambia bila kuinua kalamu:
"Mwalimu, akikuangalia hakusikii. Chagua moja."

Nikachagua.

Sasa Lihanda huja mlangoni kwanza,
anainua vidole vitano, dakika tano,
na Shitandi huziba masikio taratibu
kama mtu anayevaa kofia.
Nimemchorea siku yake kwenye boksi la sabuni:
jua, kitabu, uji, mpira, mvua.
Mvua lazima. Kakamega mvua hufuata ratiba kutushinda sisi;
saa tisa inashuka juu ya mabati
kama magunia ya mahindi yaliyopasuka,
nami huweka chaki chini.
Zamani hiyo ilikuwa saa yake ya kugonga kichwa ukutani.
Siku hizi Mmbone humpa sweta lake, zito, linalonuka moshi.
Anajifunika. Yanabaki macho tu,
yakitembea juu, safu kwa safu.

Kituo cha tathmini walinipa fomu.
Je, mtoto anaelewa maagizo? Ndiyo. Hapana.
Je, anawasiliana? Ndiyo. Hapana.
Visanduku vidogo kama meno ya maziwa.
Niliandika pembeni mpaka wino ukaisha.
Wakaniambia pembeni hapasomwi.

Mama yake, Rispah, ameshaambiwa mengi:
mkono wa shemeji, deni la mbuzi, afunge siku saba.
Alifunga. Akakonda yeye.
Siku hizi huniuliza swali moja tu:
"Amekunywa uji?"

Alhamisi. Mvua. Tone
likaangukia daftari la mahudhurio, palepale pa kila mwaka.
Nikasogeza daftari, nikapangusa majina.
Ndipo kutoka ndani ya sweta ikatoka sauti isiyo yangu,
nyembamba, ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia:
"Mia tatu themanini na sita.
Msumari hayupo."

Hayupo. Kama nisemavyo asubuhi:
Likhanga? Yupo. Musotsi? Hayupo.
Mkono wangu wa kusahihisha ukanyanyuka wenyewe:
haupo, mtoto, haupo, ngeli ya U-I.
Ukashuka.
Nani mwingine aliyekaa na misumari ile mwaka mzima,
akawajua mmoja mmoja,
akawaita kwa zamu huku sisi tunapiga kelele?

Ijumaa fundi alipanda na nyundo.
Lihanda akainua vidole vitano.
"Wapi?" fundi akauliza.
Shitandi akaelekeza kwa kidevu, macho kwingine kabisa.

Jumatatu hakuja.
Rispah alipitia dirishani: amelia usiku kucha,
shuka imefuliwa kwa sabuni mpya, labda ni hiyo,
hajui, hata mimi sijui.
Saa tisa mvua ikashuka. Daftari kavu.
Nikaandika: Shitandi, hayupo.
Chini yake, kwa penseli: Msumari, yupo.
Kisha nikainua uso, nikaanza kuhesabu.
Nilipotelea kwenye arubaini.